Maswali Matatu kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa simu ndefu. Ukitaka kumuuliza jambo la nusu dakika, vuta kiti kwanza, na kama una nguo za kukunja zisogeze karibu. Anaanza na wewe: umeamkaje, mgongo vipi, baridi ya huko ikoje. Anashuka kwa watoto mmoja mmoja, tena kwa mpangilio, mkubwa kwanza. Anahamia kwa mumeo, kazi ya mumeo, bosi wa mumeo, gari la mumeo. Kisha inakuja zamu yako ya kumuuliza yeye, na usithubutu kuruka. Kuna mahali lazima ufike useme, "Na wa hapo hawajambo?" Alikuwa anaishi peke yake, lakini usipouliza ananuna. Ukiuliza anajibu, "Wa hapa ni mimi na Bwana Yesu, wote hatujambo," halafu anacheka mwenyewe kama ndiyo mara ya kwanza kuusema mzaha huo.

Na neno lenyewe, lile linalomsumbua, halikutangulia hata siku moja. Lilikuja mkiani, mmeshaagana, kidole kiko juu ya kitufe. "Enhe, halafu..." Hapo ndipo unasikia kwamba bomba la bafuni limepasuka tangu juzi, au daktari kamwambia presha imepanda. Sitawacheka Warundi, watu wa mume wangu, peke yao; mimi ni mtu wa Tanga na kwetu ni hivyo hivyo. Mtu aliyefiwa ukimuuliza habari atakwambia nzuri, kisha ndipo atakupa msiba. Usipokuwa na subira utaondoka na ile nzuri.

Alikuwa Campbelltown, huku ughaibuni tulikohamia, kwenye flati ya serikali, ghorofa ya juu, mlango unaotazama maegesho ya magari. Sisi tuko Seven Hills, safari ya treni ya kusinzia na kuamka. Zamani tulikwenda kila Jumapili baada ya ibada. Kisha ikaja ile baridi ya mwaka wa pili wa corona, serikali ikaufunga mji, na sisi wa magharibi ikatufunga zaidi. Helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mapaa mchana kutwa, watoto wakawa hawainui tena vichwa kuitazama. Sheria zilibadilika kila asubuhi. Leo unaruhusiwa kwenda kumhudumia mgonjwa, kesho wanafafanua mgonjwa wa namna gani. Mama hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzee mwenye presha, basi, na mume wangu aliogopa polisi kuliko anavyomwogopa Mungu.

Kila saa tano asubuhi wakubwa walisimama kwenye televisheni kutusomea waliokufa. Mwanzoni watu walikuwa wanafia hospitali. Kisha wakaanza kusema, huyu kafia nyumbani, na huyu naye kafia nyumbani, hakuna aliyejua kama anaumwa. Mume wangu akisikia hivyo anaweka kijiko chini. Katika nyumba yetu tuliogopa jambo moja, na tulilisema wazi mezani: mama afie peke yake nyuma ya ule mlango, sisi tuje kuitwa na majirani kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nikimaliza kulisema namwomba Mungu apishe mbali, kisha naosha vyombo.

Mume wangu alifanya kazi ghala, huku huku Seven Hills kwenye eneo la viwanda, kupakia maboksi ya watu waliokaa nyumbani wakinunua vitu mtandaoni. Kazi yangu mimi ya kusafisha ofisi ilikufa siku ofisi zilipofungwa, nikabaki na mabinti wawili wanaosomea mezani jikoni. Ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri sana, wanakujibu kwa Kiingereza. Baba yao akirudi amechoka hoi, na bado ana simu ya mama ya kupiga. Siku nyingine alisinzia nayo sikioni. Siku nyingine ilimpita kabisa, na kesho yake alikuwa hashikiki, anamfokea kila mtu.

Ndipo shemeji akaja na dawa yake. Huyu ni kitinda mimba wa mama, wakati huo anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu kule Kensington, amepanga na wanafunzi wenzake nyumba yenye sufuria moja ambayo haijawahi kuona steli waya. Mimi na yeye ni watani, hatuachiani. Jioni moja alitukusanya kwenye video, akatuweka darasani.

"Sikilizeni. Tatizo likiwa kubwa hulitatui, unalivunja. Vipande vidogo vidogo, maana kila kipande kina dawa yake. Halafu unatafuta kinachojirudia. Halafu unatupa kisichohusika. Mwisho unaandika hatua, mtu yeyote azifuate bila kufikiri."

"Bila kufikiri," nikasema. "Profesa, hapo umetupata sisi."

"Shem, usinianze. Kompyuta haifikiri na ndiyo inayoendesha dunia."

Akauliza tatizo letu ni nini. Mume wangu akasema, "Mama." Shemeji akasema hapana, mama si tatizo, tatizo ni namna ya kujua kila siku kwamba mama ni mzima. Tukalivunja. Anakula? Anameza dawa? Anapumua vizuri? Mzee akiwa na hayo matatu, alisema, leo yuko hai na kesho atakuwa hai. Kila mmoja achukue kipande kimoja. Mume wangu akapewa chakula, apige asubuhi kabla ya kuingia kazini. Mimi nikapewa dawa, mchana. Yeye mwenyewe akachukua kifua, jioni, na alimtumia mama kile kipimo cha kubana kidoleni kinachoonyesha namba ya hewa mwilini.

"Na salamu?" nikamuuliza.

Alikuwa na jibu. Alishakaa akasikiliza simu za kaka yake, na sehemu kubwa kabisa, alisema, ni salamu zinazojirudia kila siku na majibu ni yaleyale. Hazina habari mpya ndani yake. Zitupwe.

"Na wa hapo? Utamrukaje mama bila kumuuliza wa hapo?"

"Shem, anaishi peke yake! Wa hapo ni nani, friji?"

Tulicheka wote. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, na siku zile kukohoa tu kulitosha kunyamazisha chumba. Mabinti walimtazama baba yao mpaka akasema maji yamempalia.

Mama alielezwa, hakupinga. "Nyinyi muko na kazi mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi Kigoma. "Iko sawa." Kwa muda mambo yakaenda, nisiseme uongo. Mume wangu alirudi kula chakula kikiwa moto. Shemeji alitutengenezea ukurasa kwenye simu wenye duara tatu, ukishamuuliza mama unabonyeza, duara inakuwa kijani. Zikiwa kijani zote tatu, siku imepita. Nilikuwa nikiziona nashusha pumzi, kisha papo hapo naanza kuhofia za kesho.

Maana sikuupenda mpango ule, na hoja sikuwa nayo. Mkwe hamhoji mama mkwe. Akikwambia nimekunywa dawa, umeambiwa, huna ruhusa ya kusema kweli au uongo. Lakini sauti yake ilikuwa inapungua. Namuuliza dawa, anajibu, halafu ananyamaza, ananisubiri. Na mimi hatua zangu zimekwisha. "Haya mama, baadaye." "Haya," anasema, na hakati. Namsikia anapumua pale kwenye simu kama mtu aliyesimama mlangoni hajakaribishwa. Kisha mtoto ananiita nimsaidie hesabu na mimi nakata.

Katikati ya hayo wanajeshi wakaingia mitaani upande wa Campbelltown. Hawakuwa na bunduki. Walitembea na polisi, wanagawa chakula kwa waliofungiwa na kugonga milango kuona kama watu wamo ndani. Kwenye televisheni ilionekana jambo la kirafiki, vijana wenye barakoa wamebeba masanduku. Siku hiyo mama alinipita hatua, aliniuliza yeye kabla sijamuuliza dawa.

"Mwanangu, hawa askari wanahesabu watu?"

"Hapana mama. Wanaangalia tu kama watu wako nyumbani."

"Ni ile ile," akasema. Nikamuuliza dawa, akasema amekunywa.

Mimi sijaishi kambini. Niliolewa na mtu wa kambini, nikadhani nimeyajua. Mume wangu ananihadithia kuhusu mpira wa makaratasi na mahindi ya posho. Siku ya kuhesabiwa hanihadithii. Watu wanapangwa kwenye mistari, kila nyumba na kadi yake, na roho iliyomo ndani isiyo kwenye kadi ni balaa kwa nyumba nzima. Unayemhifadhi humtaji. Haya niliyajua baadaye sana, yakiwa hayana faida.

Wiki zile kila mmoja wetu aliokota kitu chake. Mume wangu aliambiwa mchele umekwisha. Tulikuwa tumemnunulia mama mfuko mkubwa mtandaoni, wa kumkalisha mtu mmoja muda mrefu, akafurahi kusikia umekwisha. Akabonyeza kijani. Mimi mama aliniuliza, "Hii panadoli, mtu mzima mwenye homa kali anakunywa ngapi?" Nikashtuka, nikamuuliza kama ana homa. "Mimi? Sina." Ilikuwa kweli, nilimsikia, sauti safi isiyo na mafua. Nikamtajia vidonge, nikabonyeza kijani. Na shemeji aliulizwa jioni moja, "Hii machine, ikionyesha namba ya chini sana, mutu anakufa?" Akamuuliza, yako inasema ngapi? Akasoma. Ilikuwa namba nzuri, namba ya msichana. Kijani.

Hatukuambiana. Kwa nini tuambiane? Kila mmoja alikuwa na kipande chake na kipande kilikuwa kizima. Shemeji alitufundisha vizuri sana kuvunja, na sidhani kama alikosea, nyumba nzima unaweza kuibeba ukiivunja matofali. Ila kwenye hatua zake hakuna palipoandikwa kwamba siku moja tukae tuviweke vile vipande mahali pamoja tutazame vinafanana na nini.

Tulikaa kwa bahati tu. Jumamosi mchana, mume wangu hana zamu, nimepika wali wa nazi na maharage, mabinti wako chumbani. Akajipakulia, akacheka.

"Mama atatoka kwenye hii corona mnene. Ameniambia mchele mwingine umekwisha tena."

"Ule mfuko wa pili?"

"Wote."

Nilikuwa nimeshika mwiko. "Mama yako anakula kama ndege," nikasema. "Hata Krismasi anabakiza."

"Si ndiyo raha yake, amepata hamu ya kula."

"Na panadoli za nini?"

"Panadoli zipi?"

Nikamwambia. Akaacha kutafuna. Tukampigia shemeji, tukamweka kwenye spika, na kabla sijamaliza kueleza akatuambia ile ya namba ya chini. Nilisikia friji ikinguruma.

"Mpigieni sasa hivi," shemeji akasema. "Hapana, mimi nitampigia, nitamuuliza moja kwa moja..."

"Hutamuuliza chochote," nikamwambia. "Kaa hapo hapo kimya."

Nikapiga mimi. Haikuwa zamu ya mtu yeyote. Nilivuta kiti, nikaanza kama tulivyofundwa.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu." Sauti ilikuwa mbali.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Mgongo?"

"Unaniuma kidogo. Na wewe? Watoto?"

Nikamwambia watoto, mkubwa kwanza. Akauliza meno ya mdogo. Akauliza kazi ya mwanawe, bosi wake, gari lake, nikamjibu yote, na nilimsikia anapata nguvu kidogo kidogo, kama mtu aliyepewa fimbo yake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu yake kifuani, mdogo wake yumo ndani ya ile simu, anasikiliza. Nilikuwa naogopa kufika ninapokwenda. Nikafika.

"Na wa hapo, mama? Wa hapo hawajambo?"

Hakunipa mzaha wake. Nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia pumzi.

"Mmoja hajambo," akasema.

Nikaibana simu sikioni.

"Mmoja hajambo, mwanangu. Mwingine amelala toka jana. Namuita, haitiki."

Basi yakatoka yote, bila kupangwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mkubwa wake kwa umri, wanajuana tangu kambini. Nilishamwona kanisani, mwembamba, mpole, anakaa nyuma. Alikuwa anahudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee, amepanga chumba kwa watu. Alipoanza kuumwa, wale watu walimtolea mabegi nje kwa hofu, na sina ubavu wa kuwalaani, walikuwa na mtoto mchanga. Akatembea mpaka kwa mama. Mama akafungua mlango. Ulitaka afanyeje? Walipoingia kambini wakitokea Burundi, mama na watoto wake hawakuwa na kadi, na siku ya kuhesabiwa huyo Mkongo aliwaficha nyuma ya pazia lake, akawagawia posho ya wanawe mpaka walipoandikishwa. Mume wangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa mdogo mno, hakumbuki.

Sasa askari wako barabarani wanagonga milango, na mama anaujua mchezo huo. Asiye kwenye kadi hatajwi, wala kwa jirani, wala kwenye simu. Ukiulizwa, unajibu ulichoulizwa. Sisi tulimuuliza kama amekula. Amekula. Dawa amekunywa. Kifua chake hakijambo. Hakutudanganya hata neno moja. Siku nenda siku rudi alikuwa anatusubiri tufike kwenye swali ambalo hata adui humuuliza adui yake, na sisi tulikuwa tumelitupa kwa sababu halina habari mpya.

"Mama, tunaita gari la wagonjwa."

"Musilete askari."

"Si askari, mama."

"Watauliza yeye ni nani."

"Wacha waulize! Na wewe? Kifua chako?"

"Changu kimebana toka asubuhi."

"Mbona hukusema, mama! Mbona hukusema!" Nilimpigia kelele mama mkwe wangu, mimi mtu wa Tanga niliyefundwa.

"Si munauliza jioni?" akasema. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa anafuata utaratibu wetu.

Mume wangu alikuwa ameshaita gari la wagonjwa kwa simu yake. Kisha akachukua funguo. Hakuuliza tena sheria inasemaje. Tuliwaacha mabinti kwa jirani, tukapita barabara kuu tupu kama siku ya mazishi ya mkubwa fulani, na polisi waliokuwa wamesimama kwenye makutano walitutazama tukipita, hawakutusimamisha. Simu ilikuwa mapajani mwangu, shemeji yumo, hatukati na hatuzungumzi. Mara moja tu alisema, "Shem, nilimuuliza yake ngapi." Nikamwambia anyamaze.

Tulikuta magari mawili ya wagonjwa kwenye maegesho. Watu waliovaa plastiki mwili mzima walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, mmoja akatuonyesha kwa mkono tusimame mbali, nyuma ya magari. Kwenye madirisha ya flati zote kulikuwa na nyuso. Hakuna aliyefungua dirisha. Niligeuza simu ili shemeji aone, kisha nikajutia, kwa sababu machela ya kwanza ilikuwa inashuka.

Aliyelala juu yake alifunikwa mpaka kidevuni na kitenge cha mama, kile cha kijani chenye ndege alichovaa siku ya harusi yetu. Uso wote ulikuwa plastiki ya hewa na mpira. Mkono mmoja ulining'inia, mwembamba, wa kizee.

"Ni yeye," mume wangu akasema. Akapaza sauti, "Shikamoo, mama!"

Kwao mwana anaweza kugombana na mama yake mwezi mzima, lakini shikamoo haikosi jibu. Hata mama akiwa na hasira anajibu, akiwa amegeukia ukutani. Machela ikatupita.

"Shikamoo, mama! Mama, shikamoo!"

Mlango wa gari ukafungwa. Mume wangu akashuka magotini pale kwenye lami, akalia kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, na mimi nikamshika shingoni kwa sababu sikujua pengine pa kumshika. Shemeji alikuwa anaita kwenye simu, "Kaitikia? Shem, kaitikia?"

Kisha wakamtoa mama.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mkanda, blanketi la hospitali magotini, hewa puani. Alimtazama mwanawe pale chini kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha ni wake.

"Unamlilia nani?" akauliza. Ilibidi nisome midomo, sauti ilikuwa ndogo. "Umemsalimia mukubwa wangu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri. Haya, na mimi nisalimie."

Mume wangu alifungua mdomo. Namwona mpaka leo. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena, na hakuna kilichotoka ila kilio. Yule mtu wa plastiki hakuelewa tunangoja nini, akakisukuma kiti. Ndipo shemeji akaanza kupiga kelele kwenye simu, "Shikamoo, mama! Mama! Shikamoo!" Niliinua ile simu juu kadiri mkono wangu ulivyofika. Mashine ya kunyanyulia kiti ilikuwa inanguruma, na mama alikuwa ameshageuzwa uso ndani.

Mwenzake alifariki kesho yake. Mama aliwekwa mpira kooni, hakusema tena neno, na tulimzika tukiwa wale wachache walioruhusiwa, kila mtu amesimama mbali na mwenzake. Shemeji alimaliza chuo, akapata kazi nzuri mjini. Anakuja kwangu, anakula, anawasaidia mabinti masomo yao, siku hizi hata utani wake umerudi. Lakini kabla hajaondoka lazima anifuate jikoni, anasimama nyuma yangu nikiosha vyombo.

"Shem. Siku ile. Alinisikia?"

"Alikusikia," namwambia, na sigeuki. "Alisema marahaba."